Ugali Wenye Harufu ya Moshi

Watu husema mwenye njaa hajifichi. Uongo mtupu. Asiyejificha ni mwenye njaa asiye na wa kumwonea haya. Yule anayejiheshimu atakukaribisha, atakutandikia mkeka, atacheka na wewe mpaka jua lishuke, na wewe utarudi kwako ukisema jamaa wale mambo yao si mabaya. Erasto Mwakalinga alikuwa mtu wa shule, tena shule nzuri, na hilo hakulijua. Au tuseme alilijua tangu utotoni, ila siku ile lilimtoka.

Mwaka wenyewe ni sabini. Kiangazi kile Wareno walipania kweli kweli. Ndege kutwa angani, mizinga, askari kwa maelfu wakipanda milima ya Wamakonde wa ng'ambo ili wawafagie wapigania uhuru wote wasibaki hata mmoja. Sisi wa upande huu wa Ruvuma mabomu tuliyasikia. Kitaya yalitikisa vyungu mekoni, na siku ambayo upepo ulikubali, hata mashambani Mpapura watu waliacha kuokota korosho wakasikiliza. Redio ya Wareno ilitangaza kila jioni kwamba wapiganaji wamekwisha. Redio zetu zilitangaza kwamba wanasonga mbele. Aliyetaka kujua ukweli ilimbidi avuke mto.

Kazi ya Erasto ilikuwa hiyo. Serikali ilimtoa wizarani Dar es Salaam ikamleta Mtwara, ikampa chumba kimoja cha ofisi kule Shangani na mashine ya kupiga chapa, aandike taarifa za marafiki zetu wanaopigana: wamepoteza nini, wamebaki na nini, na moyo wao ukoje. Kwao ni Rungwe, kwenye migomba na ukungu. Mkewe, Theresia, alifundisha shule ya msingi Chikongola na hakuacha kulalamikia joto. Erasto hakulalamika, maana aliiamini kazi yake. Aliamini kwamba uhuru wetu ni nusu mpaka wenzetu nao wawe huru, na alilisema hilo hata kwenye chai ya asubuhi, mpaka Theresia akawa anamwambia, "Baba Sekela, kunywa chai, hapa hakuna mkutano."

Mwezi wa kumi ikaja amri. Katika ghala moja bandarini kulikuwa na shehena ya unga, chumvi na mablanketi, msaada wa nchi moja rafiki. Mkurugenzi wa Erasto kule wizarani alitaka kujua iende wapi. Iende Kitaya ikavushwe kwa wapiganaji na raia wanaoishi nao msituni, au ipelekwe Songea kwa wakimbizi waliokuwa wakimiminika? Tena balozi wa nchi ile rafiki alikuwa na swali lake, swali la mtu anayefikiria kufunga mfuko: hawa watu bado wapo kweli?

"Nenda ukaone kwa macho yako," Mkurugenzi alimwambia kwenye simu. "Sitaki maneno ya kuambiwa."

Haya. Akaenda, akaona kwa macho yake.

Alivuka alfajiri kwa mtumbwi, akiongozwa na Mzee Rashidi Chitanda, mwenyekiti wa kijiji cha Kitaya, ambaye nusu ya ukoo wake ulikuwa ng'ambo na hakuona kwa nini mto uitwe mpaka. Walitembea asubuhi nzima chini ya miti, wakijibanza kila ndege ilipopita. Njiani walipita vijiji vilivyoungua. Erasto aliviandika kichwani. Hiyo ndiyo hasara, alijiambia, sasa nikaone moyo.

Kambi waliikuta imefagiliwa. Kamanda wake, Ndugu Kalisto, alikuwa mtu mrefu mwenye chale za Kimakonde usoni, aliyefundisha katekisimu misheni kabla ya kushika bunduki, na bado alizungumza polepole kama mtu anayengoja darasa liitikie. Pembeni yake alisimama Modesta, mkuu wa akina mama wabebaji, wale waliochukua mizigo kichwani kutoka mtoni hadi ndani kabisa ya nchi na kurudi na majeruhi kwenye machela. Mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Modesta alisema, akampokea mfuko wake. "Sisi tumeshapona, mgeni wetu. Wewe pumzika tu."

Wakaimba. Wakapiga ngoma kwa sauti ya chini, maana ya juu ingewaita Wareno. Wapiganaji walitaniana, wakamtania na Erasto kwa viatu vyake vya mjini. Alipouliza habari za kambi kubwa ya ndani, Kalisto alisema, "Tumeihamisha." Alipouliza juu ya vijiji vilivyoungua, Kalisto alisema watu wamesogea msituni, wanalima huko huko. Alipouliza chakula, Kalisto akacheka, akamwonyesha sufuria jikoni.

Kikaletwa chakula, ugali mweupe na kuku mzima wa mchuzi. Watu wote wakakaa kando.

"Na nyinyi?" Erasto aliuliza.

"Sisi tumeshakula," wakajibu kwa pamoja.

Jamani, watu wazima kambi nzima wanapokujibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza, si ujiulize? Erasto hakujiuliza. Alikuwa ametembea sana na njaa ilimkamata. Kitu kimoja alikiona: ugali ule ulikuwa na harufu ya moshi. Harufu nyepesi, kavu, na alipoinusa alikumbuka jiko la mama yake Rungwe, yale mahindi yaliyoning'inizwa na maganda yake juu ya moto, meusi kwa masizi. Akafurahi. Alimega tonge kubwa zaidi. Mzee Rashidi alikula kidogo, akasema ameshiba, akasukuma sahani. Erasto hakuacha kitu, kwa sababu kwao kurudisha chakula ni kumwambia mpishi hajui kupika. Modesta akamwongezea, na alipomwongezea alitabasamu.

Aliporudi Mtwara alikaa kwenye mashine yake akaandika taarifa safi. Hasara aliziandika zote: vijiji, kambi ya ndani iliyohamishwa, njia zilizokatwa. Halafu akaandika: *Hata hivyo, chakula kipo. Nimekula nao. Moyo wao uko juu.* Mkurugenzi alifurahi mno, akampigia simu kumpongeza. Balozi aliisoma, akaandika kwao kwamba fedha iendelee. Na kwa kuwa chakula kipo, unga ukaandikiwa Songea. Malori yakaanza kupakia.

Wiki haikupita, Mzee Rashidi akafika ofisini Shangani, kanzu imejaa vumbi la njiani. Alisalimia salamu zote, za nyumbani, za mama, za kazi, akajibiwa zote ni njema. Ndipo akasema, "Modesta yuko Kitaya, na akina mama wake. Wamekuja kuchukua unga."

"Unga umeenda Songea, Mzee. Wenyewe wana chakula."

Rashidi akauliza, "Bwana Erasto, ule ugali ulikuwaje?"

"Mtamu. Ulikuwa na harufu ya..."

Nani asiyejua mahindi yanayokaa juu ya moto ni mahindi gani? Yanafukizwa moshi ili fukusi wasiyaguse, yangoje mvua. Ni mbegu. Mama yake Erasto alikuwa mpole wa kupindukia, lakini mtoto aliyegusa mahindi ya darini alichapwa mpaka majirani wakaja kuamua. Na Erasto alikuwa ameyanusa, akamkumbuka mama, akameza.

"Walisaga mbegu," alisema.

"Zilizobaki. Nyingine Wareno walizichoma. Na kuku yule alikuwa amelalia mayai. Kambi ya ndani haikuhamishwa, ilitekwa, na wale waliokuimbia ndio waliokimbia kutoka huko. Kule msituni watoto wanakula mizizi. Modesta alimweleza mke wangu, na kwa mke wangu alilia. Kwako asingelia."

"Mzee, ulijua. Ulikaa nami sahani moja. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie mbele ya wenyeji?"

"Hata kwenye mtumbwi?"

"Nilidhani umejua," Rashidi alisema, na hakukuwa na kejeli ndani yake, jambo lililomuumiza Erasto zaidi. "Mtu mzima hafundishwi ladha ya mbegu."

Erasto aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimpigia Mkurugenzi saa ile ile. Nusu ya unga ilikuwa bado ghalani. Malori ya mwisho yangeondoka Ijumaa. Mvua zilikuwa karibu, na Ruvuma ikishafurika hakuna mtumbwi wa kuvusha magunia. Ama unga ugeuzwe sasa, ama watu wale wa msituni wafe, wakubwa kwa wadogo, na wakisalimika wasiwe na cha kupanda. Alieleza yote hayo, tena mara mbili, maana simu ilikwaruza.

"Unataka nimwambie balozi nini?" Mkurugenzi aliuliza. "Kwamba ofisa wangu alilishwa kuku akapofuka? Balozi ameshaandika kwao. Maji yameshamwagika, bwana."

"Nitaandika mimi. Nitasema kosa ni langu."

"Andika, ukitaka. Lakini andika kwa jina lako, na useme ulivyojua. Bila hivyo hakuna atakayegeuza lori." Akakata simu.

Jioni ile Kalisto naye akafika. Alikuwa amevuka baada ya kusikia Modesta amemwambia mke wa mwenyekiti, na alikuwa amekasirika kama ninavyowajua Wamakonde wakikasirika, yaani kimya. Alikataa kiti.

"Mzee Rashidi ameniambia unataka kuandika."

"Ndugu Kalisto, mna njaa."

"Njaa tunaijua. Tutaishi nayo." Alisema polepole, kama kawaida yake. "Wewe unadhani hawa wanaotusaidia wanampa nani silaha? Wanampa anayeshinda. Wakisikia tumekula mbegu, watasema hawa wamekwisha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, Ndugu Erasto. Wewe umeosha. Sasa nyamaza."

"Nyinyi si maiti."

"Basi usitutangaze kama maiti."

"Na watoto?"

Kalisto alivaa kofia yake. Alikuwa na watoto wawili kule msituni, Erasto alilijua hilo. Erasto akatamani kumshika bega, hakuthubutu.

"Yule Mreno naye anasikiliza," Kalisto alisema mwishowe. "Adui muombee njaa. Ukiandika, ndiyo dua yake imejibiwa." Akaondoka bila kuaga, na Mmakonde kuondoka kwako bila kuaga si jambo dogo.

Theresia alimkuta mumewe bado ameketi, karatasi tupu kwenye mashine. Erasto alimweleza yote. Alitegemea mkewe amwonee huruma, lakini mwalimu yule hakuwa na huruma ya bure.

"Wewe unaogopa nini hasa?" alimuuliza. "Kuwaaibisha wao, au kujiaibisha wewe?"

"Vyote."

"Basi angalau andika kile kimoja ambacho ni chako."

Akaandika. Alieleza mlo ule tangu harufu hadi sahani tupu. Alisema: *Nililishwa mbegu nikaandika kwamba chakula kipo.* Aliomba nusu ya unga igeuzwe, na mbegu ziongezwe kabla ya mvua. Na kwa ajili ya Kalisto, aliandika sentensi moja aliyoifikiria kuliko zote: *Watu waliosaga mbegu yao ya mwisho ili mgeni asiione njaa yao hawajashindwa, na wasihesabiwe kuwa wameshindwa.* Aliipeleka posta mwenyewe, akasimama dirishani mpaka karani alipomaliza kuituma.

Mkurugenzi alimpelekea balozi taarifa ile baada ya kuipitia. Alimwambia Erasto baadaye kwamba ilikuwa nzuri, ameipunguza tu kidogo mwishoni. Ile sentensi ya watu hawajashindwa aliifuta. Alisema ni hisia, na balozi anataka habari.

Unga uligeuzwa. Hilo lazima lisemwe, maana ni kweli na ni kubwa. Malori yaliyokuwa yaende Songea yalipita Mpapura yakishuka Kitaya, unga, chumvi na magunia machache ya mbegu za mahindi, na Erasto alikaa mbele na dereva, amevaa shati jipya alilopigiwa pasi na Theresia. Ni siku nyingi hakuwa na furaha namna ile. Alijisemea kwamba Kalisto akiona magunia atamwelewa. Hata kama asipomwelewa leo, atamwelewa kesho, watoto wakishanenepa.

Walifika asubuhi. Akina mama wa Modesta walikuwa wanangoja ukingoni, kanga zimefungwa viunoni, na mitumbwi imejipanga. Kalisto alikuwepo. Alimpa Erasto mkono, akasema "Asante, Ndugu," na Erasto akaona mambo yanaanza kunyooka. Wanawake walianza kupakua. Mmoja wao, aliyekuwa mwembamba mpaka kola ya gauni ilimning'inia, alichota unga kidogo kwa kidole akauramba, wenzake wakamcheka.

Ndege ilisikika kwanza upande wa baharini, kwenye mikoko ya mdomo wa mto. Watu wakakimbilia chini ya miti na magunia yao. Ilikuwa ndege ndogo, ya polepole, ikifuata maji ya Ruvuma, na haikudondosha kitu. Ilikuwa na spika. Wareno walikuwa na mchezo huo: walimpa mtu kipaza sauti, akazungumza na watu kwa lugha yao kutoka juu, awaite wajisalimishe.

Sauti ile ilisema Kimakonde kwanza, kisha Kiswahili, ili hata sisi wa upande huu tusikose. Ilisema: *Nyinyi wa msituni, mmekula mbegu zenu. Sisi tunajua. Mlisaga mbegu ya mwisho mkamlisha mgeni kutoka Tanzania, na mgeni ameshiba, amekwenda kuwatangaza kwa mabalozi. Wakubwa zenu wanawadanganya. Marafiki zenu wanawacheka. Njooni kwetu, kuna chakula.* Ndege ikazunguka, ikayarudia tena maneno hayo hayo, ikaelekea juu ya mto ikiyasema mpaka yakafifia.

Habari ile ilivyowafikia Wareno, hatujajua mpaka leo. Balozi aliandika kwao, na huko kwao mtu alimwambia mtu. Mabalozi wana marafiki wengi.

Watu walitoka chini ya miti. Hakuna aliyemtazama Erasto, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutazamwa. Yule mwanamke aliyeramba unga alikuwa anapangusa kidole chake kwenye kanga, akirudia rudia. Kalisto alimpa Erasto kisogo, akaanza kusaidia kupakia mitumbwi, mkuu wa kambi akibeba magunia kama kuli. Mzee Rashidi alikohoa, akasema maneno fulani ya dua, akaenda zake kijijini.

Erasto alimfuata Modesta hadi majini. Alitaka kumwambia pole, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno na alilijua.

"Modesta."

"Unga umefika," Modesta alisema. Hakuwa amekasirika, hata sauti haikupanda. "Mbegu pia. Watoto watakula na mwakani tutavuna. Ulifanya vizuri kuandika, na mimi nasema asante kwa niaba ya hao wote."

"Sikutaka..."

"Najua hukutaka. Lakini mimi ndiye niliyeyashusha yale mahindi darini. Niliyapukuchua mwenyewe, usiku nikayatwanga, nikamwambia kamanda usiogope, mgeni hataona kitu. Na mgeni hakuona kitu. Nilifurahi." Akaangalia mto. "Sasa nchi nzima ya ng'ambo inajua mlo niliokupikia. Ukitumwa tena, bwana ofisa, uliza habari hapa hapa Kitaya. Kwangu usije."

Erasto alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki cha kusema.

"Niliandika pia kwamba hamjashindwa," alisema. "Haki ya Mungu niliandika, Modesta. Niliandika kwamba watu kama nyinyi hamjashindwa."

Modesta aliinama, mwenzake akamtwisha gunia, akalisawazisha kichwani kwa mkono mmoja.

"Hilo, ndege haikulisema," alimjibu, akaingia mtumbwini.